Mtoto Aliyepimwa Mara Mbili

Siku ya kupima watoto kambini kwetu ilianza na kufagia. Kina mama wa laini zote walitoka na fagio zao za makuti jua likiwa bado halijapanda, wakafagia mchanga mpaka ukabaki na mistari kama nywele zilizochanwa, wakayaosha yale mawe ya chokaa yaliyozunguka kila kota, kisha wakaingia ndani kuogesha watoto. Mimi nilikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa mjini Kilifi. Siku hiyo ikiangukia likizo nilijua kazi yangu: kukaa ndani na ndugu yangu mdogo, madirisha yamefungwa, nimbembeleze asilie.

Nianze na kambi. Ilikuwa upande wa bara wa barabara ya Malindi, mbali kiasi kwamba bahari hatukuiona wala kuisikia. Familia za askari zilikaa kwenye laini nne za nyumba za bati, vyumba viwili kila nyumba, bomba moja kwa kila laini. Baba ni koplo, mzaliwa wa Malindi. Mama ni mtu wa Mambrui. Katika laini yetu, ya tatu, watu wa pwani tulikuwa sisi peke yetu. Wengine wote walitoka bara, na mwanzoni walimcheka Mama kwa kupika wali kila siku na kwa kusema kwake kwa taratibu, ati anaongea kama anayesoma barua. Baadaye walimzoea. Alikuwa akiwasuka nywele watoto wao wa kike bila kulipwa, huku akiwasimulia vituko vya arusi za kwao, na kibaraza chetu kilijaa.

Mimi sikuwa hivyo. Mimi ni mtu wa kukaa pembeni. Jirani yetu wa nyumba ya pili, mama mmoja mnene mwenye sauti ya gwaride, alipenda kusema, "Huyu msichana, siku atakayoongea mvua itanyesha siku saba." Sikukasirika. Ndiyo maana naandika: nikiandika hakuna anayeningoja nimalize.

Mpango wa afya aliuleta mke wa kamanda. Sote tulimwita Mama Kamanda. Alikuwa mama mzuri, nasema kweli, si kwa kumwogopa. Alikuja kambini akakuta watoto wanaharisha, kina mama wanajifungulia nyumbani, na mtu akifiwa analia peke yake kwa kuwa ndugu zake wako mbali. Akasema familia za askari nazo ni jeshi, zitunzwe. Akaomba chumba kikafanywa kliniki, akaleta mzani wa kuning'iniza watoto, akaanzisha ukaguzi wa nyumba kila mwezi. Na ili watu wapate moyo, akafanya mashindano. Laini ambayo nyumba zake ni safi na watoto wake wote wana uzito mzuri ilipewa bendera ndogo ya kijani, ikae juu ya bomba lao mwezi mzima.

Mpaka hapo hapakuwa na ubaya. Ubaya aliuleta sajini meja, naye sidhani kama alijua ni ubaya. Kwa sajini meja, kitu kikishakuwa na mshindi lazima kiwe na wa mwisho, na wa mwisho lazima atajwe. Basi matokeo ya kliniki yakawa yanasomwa kwenye gwaride. Mwezi wa kwanza alisoma mbele ya wanaume wote kwamba katika nyumba ya koplo fulani mtoto ana utapiamlo, akauliza, "Koplo, mshahara unakula na nani?" Watu wakacheka. Yule koplo alirudi nyumbani saa ya chakula cha mchana, akafunga virago vya mkewe, akamsindikiza getini na mtoto mgongoni. Sisi tulikuwa bombani tunachota maji. Maji yalijaa ndoo yakamwagika, na hakuna aliyefunga bomba.

Jioni ile kina mama wa laini yetu walikaa kibarazani kwetu wakapatana. Hawakula kiapo wala nini, walipatana tu, kama watu wanavyopatana zamu za kufagia. Hakuna mtoto wa laini ya tatu atakayesomwa kwenye gwaride. Mtoto akiwa mgonjwa au amekonda, atabaki nyumbani, na mwenziwe aliyenona atapimwa mara mbili. Dresa wa kliniki, yule mhudumu wa dawa, alikuwa mtu wa kuangalia mshale wa mzani, hakuwa mtu wa kuangalia sura.

"Watoto wachanga wote wanafanana," alisema jirani. "Hata wangu mwenyewe nikimwona kwa mbali nafikiri ni kiazi."

Mama alicheka siku hiyo. Nakumbuka kwa sababu ndugu yangu alikuwa bado tumboni, na Mama alishika tumbo akacheka mpaka akasema, "Shoga, usinichekeshe, nitazaa hapa hapa."

*

Alizaa mwezi uliofuata, mtoto wa kiume, mzito, mwenye sauti. Jirani alikuwa ameshazaa msimu huo huo, wake wa kike. Halafu kikosi cha Baba kikapelekwa kaskazini, mpakani, pamoja na mume wa jirani. Waliondoka kwa malori asubuhi. Baba alinipa mkono kama mtu mzima, akaniambia, "Mwangalie mama yako."

Nilimwangalia. Hilo ndilo nililoweza kufanya, kumwangalia tu.

Siku za mwanzo hapakuwa na kitu. Kisha redio ikataja askari waliovamiwa njiani huko kaskazini, bila kusema ni kina nani. Mama alikuwa amekaa chini anapepeta mchele. Aliacha ungo mapajani, akabaki ameushika, na habari zikaisha, ukaja muziki, ukaja mchezo wa kuigiza, naye ameushika vilevile. Baada ya siku kadhaa tuliambiwa hawakuwa watu wetu. Majirani walishangilia. Mama alisema, "Alhamdulillahi," lakini aliisema kama mtu aliyeulizwa saa.

Tangu hapo akawa halali. Nikiamka alfajiri namkuta amekaa ukutani palepale nilipomwacha, khanga mabegani, macho mlangoni. Aliacha kusuka watu. Aliacha kupika wali, akaacha kupika kabisa, nikawa napika mimi nikitoka shule. Nikimpa chakula anasema, "Weka hapo mwanangu, nitakula," na usiku unaingia juu ya kile chakula. Maziwa yakaanza kupungua. Ndugu yangu ananyonya, anaachia, analia, anashika tena. Kilio chake kikawa chembamba siku hadi siku.

Kina mama walijua. Walikuja, wakakaa, wakasema ana mawazo, yatapita, kila mke wa askari hupata. Jirani akaja na uji. Mtoto wake wa kwanza, wa darasa la nne, akawa hainywi pakiti yake ya maziwa ya Nyayo shuleni, anatuletea, nami nayachemsha na maji kidogo namnywesha mtoto kwa kijiko. Siku moja jirani alimwambia Mama waziwazi:

"Nipe mimi nimnyonyeshe. Mimi niko na maziwa ya kuogea."

Mama akatikisa kichwa. "Ukimnyonyesha, yeye na mwanao watakuwa ndugu wa ziwa. Ni jambo kubwa hilo kwetu. Baba yake hajaulizwa."

"Baba yake yuko jangwani! Utamuuliza na nini, na filimbi?"

"Akirudi," Mama alisema.

*

Siku ya kupima ilipofika, jirani aliingia kwetu mapema na mwanawe begani, amemvika kofia ya sufu ya njano. "Nampeleka kwanza kama yeye," alisema. "Halafu nakuja kumbadilisha awe huyu wenu." Alitaka shati la mvulana. Nikampa lile la bluu ambalo Baba alilinunua Mombasa kabla mtoto hajazaliwa. Kwa ndugu yangu lilikuwa kubwa. Kwa yule msichana lilibana mikono.

Mama ilimbidi aende naye raundi ya pili, kwa sababu mtoto huletwa na mamake. Nilimsaidia kuvaa buibui, nikamfunga viatu. Alikwenda kama mtu anayeongozwa. Mimi nikabaki ndani na ndugu yangu kifuani, namwimbia kwa sauti ya chini mpaka mdomo ukakauka.

Yaliyotokea kliniki nilisimuliwa na jirani, tena kwa kelele, amekaa sakafuni kwetu anafuta machozi ya kicheko. Kumbe kati ya raundi ya kwanza na ya pili alimnyonyesha mwanawe nyuma ya kliniki asije akalia. Basi alipopandishwa mara ya pili akawa mzito kuliko mara ya kwanza. Dresa akasema lazima avuliwe nguo zote uzito uwe sawasawa. Akashika nepi.

"Nikaruka!" alisema jirani. "Nikamwambia, daktari, usimvue, mtoto huyu ana kifua, upepo wa leo utamuua! Akaniuliza, wewe ni mamake? Nikamwambia, sisi huku laini ya tatu wote ni mama zake!"

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa amekuwa wa kwanza! Kambi nzima! Mtoto wangu amejishinda mwenyewe. Yeye wa pili, ndugu yako wa kwanza. Aki, sijawahi kuona."

Alicheka, nami nikacheka, siwezi kukana. Mama alikuwa amemtwaa ndugu yangu anajaribu kumnyonyesha. Hakucheka wala hakukasirika.

Mshindi alipigwa picha. Mpiga picha aliitwa kutoka Kilifi mjini, na Mama Kamanda akasimama na Mama nje ya kliniki, katikati yao yule msichana ndani ya shati la bluu, mashavu yamejaa kama maandazi. Picha moja ikabandikwa ukutani kliniki. Nyingine Mama Kamanda, kwa wema wake, aliipeleka kaskazini na lori la chakula, ili Baba aone mwanawe anavyostawi. Zilipita wiki kadhaa, akaja askari mmoja likizoni na salamu. Alisema Baba anaionyesha ile picha kwa kila mtu, mpaka kwa wafugaji wa ngamia. Ati amesema, "Mimi huku nakula vumbi, lakini nyumbani kwangu hakuna tabu."

Yule askari alipoondoka nilimwambia Mama, "Twende Kilifi hospitali. Tusiwaambie kambini."

"Hospitali watauliza mume wangu ni nani, anafanya kazi wapi. Habari itarudi hapa." Alinitazama, na kwa muda mfupi akawa mama yangu wa zamani, mwenye kupanga maneno. "Mwanangu, baba yako amelala na ile picha. Mtu aliye kule hafai kupokea habari nyingine. Akili yake ikihama kidogo tu, hatarudi. Mtoto atapona. Acha baba yake arudi."

Nilienda kuosha vyombo.

*

Lakini nilijaribu. Nataka liandikwe hilo, kwa sababu baadaye watu walisema kwamba katika nyumba yetu hakuna aliyefungua mdomo.

Ilikuwa siku ya ukaguzi wa nyumba. Ndugu yangu tulishampeleka kwa jirani wa mwisho wa laini, ambaye nyumba yake ilikuwa imekaguliwa tayari. Mama alilala chumbani, na mimi nilisimama mlangoni kwa amri ya jirani niseme ana homa. Mama Kamanda aliingia na wasaidizi wawili. Akaangalia sufuria, akaangalia mtungi, akapitisha kidole juu ya dirisha. Wale wawili wakatoka kwenda nyumba ya pili. Yeye akabaki anafunga kamba ya kiatu.

"Shikamoo," nikasema. Nilikuwa nimeshamwamkia alipoingia.

Akacheka. "Marahaba tena, mwanangu. Mama anaendeleaje?"

Nikasema, "Mama halali."

"Halali?"

"Halali. Wala hali. Tangu redio."

Aliinuka akaniwekea mkono begani. Mkono ulinukia sabuni nzuri. "Pole sana. Waume wakiwa mbali ndivyo tulivyo, hata mimi. Lakini mama yako ni shujaa, unajua? Wanawake wengine wakiwa na mawazo mtoto ndiye anayeumia. Yeye, mtoto wake ndiye wa kwanza kambi nzima! Mwanamke ambaye hali vizuri hawezi kuwa na mtoto kama yule." Akanipapasa shavu. "Mwambie aje kwenye semina ya kina mama Jumatano. Atachangamka."

Kisha akatoka. Nilitaka kumwita. Nilijua neno lililobaki, lilikuwa neno moja tu, si yeye, mtoto yule si yeye. Lakini nyuma ya neno hilo nilimwona jirani na virago vyake getini, na nyumba zote za laini yetu zikisomwa moja moja kwenye gwaride, na Baba kule vumbini akiletewa habari na mtu anayecheka. Jirani mwenyewe alikuwa amesimama kibarazani kwake ananitazama. Nilifunga mlango.

Baada ya hapo ndugu yangu akaanza kukohoa.

*

Ule mchana wenyewe nitauandika kama nilivyouona. Alikuwa anapumua kwa haraka, mbavu zinaingia na kutoka, na macho yamekaa kwangu lakini hayanioni. Mama alikuwa amekaa ukutani. Nikamwambia, "Mama, nampeleka kwa dresa." Nikarudia. Akasema, "Mfunike kichwa, jua kali." Nikamfunga kwa khanga, nikavuka uwanja wa gwaride, mahali ambapo watoto hatukuruhusiwa kukanyaga.

Kliniki ilikuwa na askari wanne kwenye benchi na dresa mezani. Nikaweka mtoto mezani, nikafunua khanga.

Dresa alimtazama, akanitazama. "Huyu wa nani?"

"Wetu. Laini ya tatu." Nikataja nyumba.

"Msichana, usinichezee." Aligeuka, akaonyesha ukutani kwa kalamu. "Mtoto wa nyumba hiyo ni yule pale. Nilimpima kwa mikono yangu. Huyu ni wa wapi? Kijiji gani?"

Hapo nilielewa anachofikiri. Watu wa vijiji vilivyozunguka kambi hawakuwa na dawa karibu, na mara kwa mara mama mmoja angemwomba mfanyakazi wa nyumbani au mtoto wa askari ampitishie mgonjwa wake kama wa kambini. Dresa alikuwa ameshaonywa na wakubwa zake kwa dawa zilizoisha hivyo. Hakuwa mtu mbaya. Hata sauti aliipunguza.

"Mwambie mamake ampeleke Kilifi, leo leo, anaumwa sana huyu. Mimi nikimtibu wa nje, nafukuzwa."

"Si wa nje," nikasema. "Ni ndugu yangu."

"Na yule ukutani?"

Nikaitazama ile picha.

"Eh? Yule ni nani?"

Askari wote kwenye benchi walikuwa wananitazama. Mmoja akasema kwa mzaha, "Labda amefuliwa kwa maji moto, amenywea." Wenzake wakacheka. Nikamfunika mtoto, nikatoka. Nilikuwa nalia lakini sikuwa na mkono wa kufuta.

Jirani alikuwa karoni, pale bombani, anafua. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, sijui kama alielewa nusu. Aliendelea kukamua shuka mpaka tone la mwisho, akalitandaza kambani, akavuta pembe zikae sawa. Nikadhani ndio mwisho. Kisha akafuta mikono kwenye khanga, akaingia ndani, akatoka na mwanawe usingizini.

"Twende," alisema.

Tukavuka uwanja tena. Njiani alisema neno moja tu, tena si kwangu: "Atanirudisha kwetu, huyu mume wangu."

Aliingia kliniki bila kupiga hodi. Akamlaza mwanawe mezani, akavua shati, akavua nepi, akamgeuza mbele ya watu wote.

"Haya, daktari. Huyu ndiye bingwa wako wa ukutani. Mtazame vizuri, sura unaijua. Sasa niambie, huyu ni mwanamume?"

Benchi nzima ilipasuka kwa kicheko. Mtoto naye akaamka akacheka. Halafu jirani akamchukua ndugu yangu mikononi mwangu, akamvua, akamlaza pale pale kando ya mwanawe, wote wawili uchi, wa rika moja. Kicheko kikakatika. Yule askari wa mzaha aliinuka akatoka nje.

Dresa hakuuliza tena. Aliita landrova.

Ilipofika laini yetu, Mama alikataa kupanda. Alishika nguzo ya kibaraza akasema, "Baba yake akija atamkuta nani?" Nilimfungua vidole kimoja kimoja. Garini jirani alitoa ziwa akamnyonyesha ndugu yangu, bila kuuliza mtu, huku gari linaruka kwenye mashimo. Mtoto alikuwa hana nguvu ya kuvuta. Jirani alimkamulia mdomoni, tone baada ya tone. Mama alikuwa anatazama minazi ya barabarani.

*

Hakufa. Nimeliandika hili haraka kwa sababu kila ninayemsimulia hunikata hapo kuniuliza. Kilifi walimweka oksijeni, wakampa sindano, wakatufundisha kumnywesha maziwa kwa kijiko, kidogo kidogo, akitapika tunaanza upya. Sasa ana zaidi ya mwaka na bado hajasimama, lakini anakaa, na anajua kunivuta nywele.

Mama Kamanda alikuja hospitali. Alisimama miguuni pa kitanda akalia kweli, kamasi na yote. "Kwa nini hamkuniambia?" alisema. "Nyinyi mngeniambia tu." Aliposema hivyo alinitazama, kisha akaacha kunitazama, akaanza kutoa biskuti kwenye mfuko. Tangu siku ile mashindano yalikoma na bendera ikaondolewa. Badala yake kila wiki alikuja mtu kumfundisha Mama jinsi ya kuponda maharagwe na mchicha kwa ajili ya mtoto. Mama aliitika kila kitu. "Ndiyo. Ndiyo, ahsante." Walikuwa watu wapole, na wote waliuliza habari za mtoto. Mama alikaa ukutani wakati wanaponda.

Jirani alisomwa kwenye gwaride, mara ya mwisho kusomwa mtu. Mumewe alitumiwa habari kule kule, naye akajibu kwa maneno mawili: aende kwao. Jirani alipanda basi la bara na wanawe wawili, yule wa maziwa ya shule na yule msichana wa kofia ya njano. Nilimbebea beseni mpaka getini. "Nilisema mvua itanyesha," aliniambia, akajaribu kucheka. Anuani yake sikuwa nayo, na aibu ilinizuia kuiomba. Ndugu yangu anaye dada wa ziwa sasa mahali fulani bara, na hatujui hata mji.

Baba alirudi mwisho wa mwaka. Alikuwa amekonda, mweusi wa jua. Hakumgombeza Mama, hakumgusa mtu. Alimbeba mtoto muda mrefu, kisha akamrudisha kitandani kwa uangalifu, kama kitu cha serikali. Watu walikuja kumpa pole na kumpongeza, vyote pamoja.

Asubuhi moja alinikuta nje naosha sufuria. Alikuwa ameshavaa, anapiga viatu rangi. Akauliza bila kuinua kichwa:

"Wanasema hakuna aliyesema. Ni kweli?"

"Nilisema," nikajibu. "Nilimwambia Mama Kamanda."

"Ukamwambiaje?"

"Kwamba Mama halali."

Brashi ilisimama. Kisha ikaendelea, taratibu, kwenye kiatu ambacho kilikuwa kimeshang'aa.

"Na mimi silali," alisema. "Tangu kule. Nikifumba macho nasikia lori." Akageuza kiatu. "Usimwambie mtu, mwanangu. Wakijua watanitoa kazini, na nyumba hii si yetu."

"Ndiyo, Baba."

Aliweka kiatu chini, akakikagua, akakivaa, akaenda gwarideni akitembea wima kama wengine. Mama alikuwa amesikia sauti zetu.

"Baba yako anasemaje?" aliuliza kutoka ndani.

"Hakuna kitu," nikamjibu. "Anatafuta rangi ya viatu."